Sura ya Nyanya Imetoka Kabatini

Sanduku la Posta 40,
Njoro.
14 Septemba 1957

Mpendwa Shemeji Dalmas,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Dada yangu Chelagat na watoto hawajambo? Kile kikohozi cha mdogo kimeisha? Sisi tu wazima, viazi vimekubali, na Nyanya Chepchirchir bado anamfokea kila mtu tangu asubuhi.

Shemeji, gazeti lenye makala yako juu ya kitabu changu cha historia limefika! Nililisoma nimesimama pale posta, nikalisoma tena njiani hadi nikajikwaa. Asante. Asante sana. Uliposema ramani yangu inafanana na chapati iliyotafunwa na mbwa, iliniuma kidogo, lakini afadhali. Sasa hakuna atakayesema nimesifiwa kwa kuwa umeoa kwetu.

Kilichonitoa machozi ni uhakiki wako wa sura ya tatu. Unajua hiyo ni ya Nyanya. Ndiye aliyenionyesha kwamba miaka yetu imo katika majina: ukikuta akina Kipkemei wengi wa umri mmoja, walizaliwa wakati wa ukame, nawe unaanza kuhesabu kutoka hapo. Mzee Kipkemei, mwenyekiti wa wazee wetu, alisema historia haitoki jikoni. Akamtaka hedimasta aichane sura hiyo, la sivyo kitabu kisiingie darasani. Nilikataa, na tangu Juni vitabu vyote vimefungiwa kabatini. Nawe ukaandika kwamba sura hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu!

Basi Jumapili, baada ya ibada, nililisoma gazeti mbele ya kanisa zima kwa sauti ya mnadani. Akina mama walipiga vigelegele. Jumatatu hedimasta akafungua kabati mwenyewe.

Jioni hiyo Mzee Kipkemei akaja kwetu. Alivua kofia, akamwuliza Nyanya yeye alizaliwa ukame upi, maana hajawahi kujua umri wake.

Nyanya hakuacha kumenya viazi. "Wewe? Ule wa ng'ombe kufia mtoni. Mama yako maziwa ilikauka. Mimi ndio nilikunyonyesha. Titi moja yako, ingine ya baba ya huyu mwalimu."

Mzee aliketi, kofia mapajani. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, hiyo pia uandike."

Nitaandika, Shemeji, na ramani nitaichora upya. Nisalimie Chelagat na watoto wote. Mungu aibariki kalamu yako, hata pale inapochoma.

Shemeji yako akupendaye,
Kipketer arap Koske