Isale la Kaburini kwa Mama

Jumatatu ya Pasaka

Kinyaa tu. Sina neno jingine.

Kaka Deo amekuja na mafundi kutoka mjini, wameng'oa masale yote niliyopanda juu ya kaburi la Mama hapa kihambani, shamba letu la nyumbani, wakabandika vigae vyeupe. Vigae vya chooni! Kisha akaokota jani moja kwenye yale yaliyong'olewa, akalipiga fundo, akaniletea mbele ya Shangazi.

"Mdogo wangu, yaishe."

Kwetu isale likiletwa na mkosaji halikataliwi. Nimelipokea. Lakini jani la kuombea msamaha unalitoa kwenye kaburi la huyo huyo uliyemkosea?

Halafu akaanza kuhubiri. "Tusilie. Mama atafufuka. Mateso yake yalikuwa mpango wa Mungu." Shangazi akaitikia amina.

Mguu wa Mama ulipoanza kuoza kwa ugonjwa wa sukari, Deo alikuja mara moja tu. Alisimama mlangoni, ameziba pua kwa leso, akasema anawahi gari. Beseni la kuoshea kidonda nilishika mimi, asubuhi na jioni, mpaka mwisho. Leo ananieleza mimi habari za mateso.

Ufufuko nausadiki, sijaacha. Ila Bwana alifufuka na majeraha yake. Hakuyaficha, Tomaso aliambiwa ayaguse.

Isale nimeliweka kwenye glasi ya maji. Kama nimemsamehe, sijui, na leo sitaki kujilazimisha.

Lakini siku ile Mama akiinuka na mguu wake ule ule, beseni atashika Deo.