Utulivu wa Mikoroshoni

Kijijini Mnyambe, siku ya Jumanne

Na kweli moyo umetulia, kama muuguzi wa zahanati alivyoniahidi: kaa peke yako shambani, sikiliza miti. Nilikaa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, mabibo yakidondoka kwenye majani makavu.

Mama mkwe akaanza kuita kutoka kitandani. "Mama Zuhura! Maji!"

Sikuinuka. Miaka minne namgeuza, namwosha, na bado mawifi wananiita mvivu. Akaita tena, na tena, halafu akanyamaza.

Hapo ndipo nilipotulia. Si miti iliyonituliza, ni yeye kuchoka kuita.

Nilipoingia na kikombe, midomo imemkauka. Akanishika mkono. "Pole na kazi ya shamba, mwanangu."

"Asante, mama."

Kesho nitakaa palepale. Nikienda mbali sitamsikia akinyamaza.