Mkono Ulioamua Kisima

Jumanne, 4 Juni
Tumepiga alizeti tangu asubuhi, mimi na mke wangu Veronika. Upepo mkali, makapi machoni. Mama anakohoa ndani.

Mchana mkutano wa kijiji. Halmashauri itachimba kisima kirefu kimoja tu. Safari hii hawataki diwani wala mwenyekiti aamue kitakaa wapi. Wataamua wananchi wa kawaida, waliopatikana kwa bahati. Majina yakatiwa kwenye ndoo, yakachanganywa. La kwangu likatoka. Mlimani, kitongoji chetu, wakapiga vigelegele. Wakanibeba juu juu kama nimeshinda ubunge. Boniface, mwenyekiti wa kitongoji na rafiki yangu tangu kipaimara, akaninong'oneza: "Mwalimu, hapo maji tumeshapata." Wananiita mwalimu kwa sababu nafundisha kwaya ya kigango.

Nilifurahi. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Jumatano, 12 Juni
Kikao cha kwanza, darasani. Nusu sisi wa Mlimani, nusu wa kitongoji cha Bondeni. Viti duara, hakuna meza kuu. Mwezeshaji ametoka mjini, dada mpole. Katupa masharti: sikiliza kwanza, toa sababu, usije na kura mfukoni. Nikacheka moyoni. Yangu ilikuwa mfukoni.

Tukasema yetu. Tunatembea mbali, wanawake wetu wanaamka kabla ya jogoo kwenda bwawani na kunywa pamoja na ng'ombe. Kweli tupu. Bondeni wao wana kisima cha zamani mlangoni. Tukawauliza wanalilia nini.

Ijumaa, 14 Juni
Leo tumepelekwa kwenye kisima chao. Maji safi kwa macho. Mtaalamu wa maji akasema yana madini yanayoharibu meno na mifupa, na kuchemsha hakusaidii. Nikayasikia kama matangazo ya kanisani.

Kisha Mama Neema, mjumbe wao, akatuingiza kwake. Binti yake amekaa mkekani, anapepeta uwele. Msichana mkubwa, wa kuolewa. Miguu imepinda kama upinde. Akaniambia "Shikamoo mwalimu" na kujaribu kusimama kwa heshima. Akashindwa. Akajaribu tena. Nikamwambia kaa, mwanangu, kaa.

Mama Neema hakulia wala hakutuomba. Alisema tu: "Ninyi mnachoka. Sisi tunavunjika."

Sikula. Veronika kauliza kuna nini, nikasema kichwa.

Jumamosi, 15 Juni
Kura ya mikono. Watu wamejaa madirishani, Boniface mbele yao. Wakaitwa wanaotaka kisima kiende Bondeni. Wa Bondeni wote wakanyoosha. Nikanyoosha na mimi.

Wakashinda kwa mkono mmoja. Halafu Boniface akatema mate chini.

Mwezeshaji akatupongeza. Akasema hii ndiyo demokrasia yenyewe. Akapanda gari akaenda zake.

Jumapili, 16 Juni
Misa. Ulipofika wakati wa kupeana amani, nilinyoosha mkono kulia, kushoto, nyuma. Hakuna aliyeupokea. Mazoezi ya kwaya: hakuna aliyekuja.

Jumapili, 23 Juni
Boniface kaja. Hakuingia, hakukaa. Akasema wamefanya kikao. Kila mtu kapewa nafasi ya kusema, wamesikilizana bila kelele, kama tulivyofundishwa sisi darasani. Wameamua: hakuna wa kuniuzia kitu, wala kununua kwangu, wala kunisalimia, wala kunizika.

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi ndiye niliyetoa hoja."

Mama alisikia yote. Akaniita. Kanitukana kwa Kinyaturu, maneno ambayo sitayaandika. Kisha kwa Kiswahili, taratibu, ili niyashike vizuri: "Umewapa maji watoto wa watu, mama yako ana kiu." Akageukia ukutani.

Jumatano, 3 Julai
Mama amefariki alfajiri. Hatukuwa tumesemeshana tangu siku ile.

Veronika akapiga yowe. Huku kwetu yowe moja linajaza ua kabla chai haijachemka. Akapiga tena mpaka sauti ikakauka. Nilimwona mke wa Boniface akitoka, akaanua nguo zake kambani, akarudi ndani. Katekista katuma ujumbe kwamba ana homa.

Alhamisi, 4 Julai
Nimechimba kaburi la mama yangu. Shemeji yangu amekuja na pikipiki kutoka Mwankoko, tumepokezana sururu. Ardhi ni mawe matupu. Viganja vimechanika.

Watu wa Bondeni walikuja na majembe, Mama Neema mbele. Vijana wetu wakawafungia njia kule chini, mawe mkononi. Wakageuka. Niliona yote nikiwa ndani ya shimo.

Tukamshusha. Nikaanzisha wimbo alioupenda. Ni wimbo wa sauti nne. Mtu mmoja hauwezi. Nikaacha katikati.

Nawachukia wote. Namchukia hata yule binti. Angebaki amekaa tu.

Jumanne, 20 Agosti
Kisima cha Bondeni kimefunguliwa. Bwawa letu limebaki tope, nikaenda na dumu.

Wana kamati ya maji sasa, nayo imechaguliwa kwa bahati kutoka kwenye ndoo. Mama Neema ndiye mwenyekiti. Akanipokea vizuri, karibu mwalimu, pole na msiba. Kisha akasema kamati imekaa. Maji ni ya Bondeni tu. Wakimpa mmoja wa Mlimani watakuja wote, na mawe hawajayasahau.

"Hata mimi, Mama Neema?"

"Nilikutetea, mwalimu. Nimeshindwa."

Safari hii alilia. Maji hakunipa.

Jumamosi, 7 Septemba
Veronika ameenda kwao. Anasema ni kwa muda.

Nimetoka mnadani Ikungi, nimeuza kuku. Huko hawanijui, wananunua. Wakati wa kurudi nikampita Bibi Maria wa hapa kwetu. Amekaa njiani na mzigo wa kuni, macho yake siku hizi hayaoni.

"Nani huyo anapita bila salamu?"

Nikasimama. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe nani?"

Nikadanganya: mimi ni Petro.

"Aa, Petro! Mbona sauti imekauka hivyo?"

Nikasema vumbi. Nikambebea kuni. Njia nzima aliongea: goti lake, mbuzi aliyezaa mapacha, mvua zitachelewa. Nilikuwa naitikia tu. Karibu na kwake akauliza kama yule wa kwaya bado yupo.

"Yupo, bibi."

"Hajahama?"

"Hajahama."

Akaguna. Akanipa togwa kwenye kibuyu, nikanywa nimesimama uani. Ilikuwa tamu. Akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanibariki kwa jina la Petro.

Amesema nipite tena.