Goti Langu na Kifaa cha Ramani

Mpenzi wangu,

Kikazima tena, nipo katikati ya mzunguko, magari yananipigia honi. Nasema kile kifaa cha ramani cha garini. Fundi alibadilisha waya, wapi. Nikaanza kukichungulia kimyakimya: kumbe nikibadilisha gia, goti langu linagonga plagi, inalegea. Fundi kacheka, "Bwana mdogo, punguza miguu." Nimeihamisha plagi upande wa pili, sasa kinaongea siku nzima.

Jumapili ile sikukukimbia. Najua baba yako alivaa koti akanisubiri. Kilizima karibu na kwenu. Vibao vya barabarani vilikuwepo, ila mimi nasoma herufi moja moja, na gari halisubiri. Nikaona aibu kuuliza, nikageuza. Hilo nilikuficha, nisamehe. Hata barua hii leo siku ya tatu naiandika.

Jumapili hii nakuja, hata kikizima. Mwambie baba, kama bado anataka kuniona.

Naishia hapa. Mpakiaji ninayefanya naye kazi kashakaa garini ananiita. Kila tukipeleka magodoro ananifundisha kusoma vibao, na leo tunaanza na vya njia ya kwenu.

Wako,
Mrefu