Daktari Niliyemsingizia Uuaji

Kegonga, Jumatatu

Mama Akinyi, mke wangu,

Habari za Mfangano? Na goti la mama, limepunguza makali? Mimi ni mzima. Kazi pia bado ninayo, ingawa jana ilitaka kuniponyoka.

Unajua kwenye ukumbi wa video wa Mama Boke mimi husimama kando ya skrini nikiwaeleza watu kwa Kiswahili yale filamu inasema kwa Kiingereza. Sasa kuna moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya inspekta wa koti refu anayemtafuta muuaji wa mwenye duka. Watu wanaipenda kuliko za rangi. Shida ni kwamba wale wazungu wanaongea kwa pua, na wewe unajua Kiingereza changu kiliishia wapi. Basi muuaji nikamchagua mwenyewe. Nikasema ni daktari, maana alikuja matangani na hakugusa chakula. Kegonga nzima ikaridhika. Mwishoni inspekta anapomshika ndugu yake mkono, nilisema wanaenda pamoja kumkamata daktari.

Jumamosi, siku ya Sabato, nilikuwa kanisani kama kawaida. Mama Boke akamweka mwalimu mmoja mstaafu mahali pangu. Mwalimu akawaambia ukweli: muuaji ni ndugu wa inspekta, tumbo moja.

Jana mchana Mama Boke aliningoja mlangoni.

"Baba Akinyi, daktari amekukosea nini?"

"Hakula matangani."

"Labda alikuwa ameshiba. Leo sema vile iko. Ukishindwa, kesho mwalimu anaanza."

Ndani mzee mmoja akauliza, "Leo muuaji ni nani, ama tupige kura?" Wakacheka, nami nikacheka kidogo.

Nikaeleza nilichokuwa na hakika nacho: mvua, viatu, mlango. Tukafika pale inspekta anaingia nyumbani kwao. Mama yao anawamiminia chai wote wawili. Inspekta anakunywa yote kabla ya kusimama kumshika ndugu yake mkono. Nikatafuta maneno, nikapata haya tu: "Mama yao hajui." Kisha nikaiacha filamu iende yenyewe. Yule mzee alivua kofia.

Mama Boke akazima mashine. "Maneno matatu tu," akasema. "Kesho uje. Mwalimu aliongea hapo mpaka chai ikaisha."

Nisalimie mama, na shemeji fundi wa mitumbwi, na Akinyi wetu. Na mdogo wangu mvuvi, ambaye hatujasemezana tangu tugawane shamba, msalimie pia. Mwambie nimemuulizia.

Ni mimi mumeo,
Baba Akinyi