Hodi Mlangoni kwa Cordell

Dada Verlene,

Jemu ya pichi imefika, hata chupa moja haikupasuka. Goti la mama linaendeleaje?

Ukocha nimeuanza. Nimepewa kofia ya timu, mimi ambaye siku ya timu kuchagua vijana wa vyuo hakuna aliyetaja jina langu, wala la mwanao Cordell. Unakumbuka nilivyomchukia yule mtu wa hodi ya alfajiri, enzi nikicheza? "Kocha mkuu anakuita, beba vitu vyako." Ndivyo wanavyotuacha sisi wachezaji, timu ikipunguza watu kambini.

Jana kocha mkuu akaniambia, "Lonnie, wewe ndiye mgeni. Kagonge wewe."

Dada, nikapokea orodha ya vyumba. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Cordell.

Tulikubaliana kambini aniite Kocha tu. Alifungua akicheka, mswaki mdomoni: "Mjomba! Umeniletea chai?"

Nikamwambia yale yale, neno kwa neno. Mdomo ulikuwa wangu, sauti sikuijua.

Simu niliishika, nikashindwa kukupigia. Cordell atakuja Jumapili jioni, watu wa kanisa wakishatawanyika. Tafadhali, mlango uwe wazi. Asigonge.

Ndugu yako, kama bado unanitaka,
Lonnie