Fundi anapatikana sebuleni kwa mama mkwe

Mwenzangu, uko wapi? Nimeumbuka!

Si unakumbuka nililiandikisha duka langu la ushonaji kwenye ramani ya mtandaoni, ili mtu akitafuta fundi anione mimi kwanza? Kumbe siku ile nilikuwa nimekaa kwa mama mkwe, na simu ikaweka alama palepale. Kwake!

Leo jibaba zima limeingia sebuleni kwake na suruali mkononi. "Fundi yupo?" Mama kapiga yowe mpaka majirani wakatoka. Hajapumua, bibi harusi mtarajiwa huyo mlangoni na gauni lake!

Mama kanipigia simu anafoka: "Ondoa upuuzi wako nyumbani kwangu!"

Upuuzi! Yeye huyohuyo anayewaambia mawifi zangu cherehani yangu ni ya kupotezea muda, eti sina hata mteja wa kusingiziwa.

Nikamwambia, "Samahani mama, hapo nimekosea. Lakini hao ndio wateja unaosema sina."

Akakata simu!

Mume wangu ananisimamia hapa, niihamishe alama sasa hivi. Nitaihamisha, kwani nimekataa?

Kesho. Leo acha kwanza mlango wake ugongwe.